Faida ipo vitabuni, mishahara inakopwa: tuanzie wapi?

Swali
Wakuu, kampuni ya ujenzi ina saiti tatu. Hesabu za mwaka zinaonyesha faida ya 8%, lakini kila mwisho wa mwezi hela ya mafundi inakopwa. Malipo ya awali ya saiti mpya yanaishia kulipia nondo za saiti ya zamani. Kila hundi na kila oda inasainiwa na mkurugenzi. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1
Hakikisha kwanza kama hiyo 8% ipo kweli. Kwa kila saiti andika thamani ya mkataba, makadirio ya gharama yote hadi kukabidhi, gharama iliyokwisha kutumika, na kiasi mlichokwisha kudai. Tuseme mkataba ni milioni 100, gharama yote milioni 85, mmetumia 51. Kazi imefika 60% (51 gawanya kwa 85), kwa hiyo mapato halali ni milioni 60. Kama mmeshadai 72, zile 12 za juu ni deni: mteja anawadai kazi. Hapo ndipo kampuni nyingi huzama, kwa sababu hela hiyo hutumika kama faida, na kazi inapokaribia kuisha hakuna cha kudai ilhali gharama zinaendelea. Kama mmedai 50 tu, kuna kazi ya milioni 10 mmeshaifanya bila kuidai.

Gharama iliyobaki ikadiriwe upya kila mwezi, na injinia wa saiti awepo. Mhasibu peke yake hawezi kujua zege la ghorofa ya pili limerudiwa. Mkibaki na namba za zabuni wakati saruji imepanda bei, asilimia ya kazi itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na faida hewa itazaliwa hapo. Na nondo zilizorundikwa bila kufungwa zisihesabiwe kama kazi iliyofanyika.

Jibu la 2
Angalieni pia fedha za zuio, yaani sehemu ya kila malipo ambayo mteja huishikilia kama dhamana ya kazi. Mteja akishikilia 10% na faida ni 8%, faida yote imelala kwake. Kwa kawaida nusu hutoka kwenye makabidhiano, nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 12. Msiipangie mishahara.

Kwenye mkataba mwekundu wa 1999 wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi), mteja ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee maombi ya malipo. Mafundi hawasubiri siku 56! Chora jedwali la wiki 13 la fedha zinazoingia na kutoka, lisahihishwe kila wiki. Mkataba huohuo unataka notisi ya madai ya fedha au muda wa ziada ndani ya siku 28 tangu mjue tukio. Kazi ya ziada iliyoagizwa kwa mdomo bila karatasi huwa ni hasara yenu.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na upande wa uongozi?

Jibu la 3
Mkurugenzi aachie saini ndogo. Wekeni kiwango ambacho meneja wa saiti anaidhinisha mwenyewe ndani ya bajeti yake. Kinachozidi ndicho kipande juu. Anayeagiza, anayepokea mzigo na anayelipa wawe watu watatu tofauti. Kila saiti iwe na akaunti yake, maana malipo ya awali ni mkopo unaokatwa kwenye kila hati ya malipo.

Kagueni pia bei za zabuni. Gharama 85 ukiongeza 15% unapata 97.75, na faida hapo ni kama 13% ya bei. Ukitaka 15% kamili, gawanya 85 kwa 0.85. Gharama za ofisi ziwe zimeshaingia kwenye hiyo 85.