Darasa la uchoraji lenye vinywaji safarini: je, linamfaa asiyewahi kushika brashi?

Swali: Ndugu zangu, nitakuwa safarini kwa siku nne, na ninatamani kutenga jioni moja kwa darasa la uchoraji ambamo washiriki huhudumiwa vinywaji huku wakipaka rangi. Sijachora tangu shule ya msingi, wala situmii kileo. Je, nitafaidi, na picha nitaisafirishaje?

Jibu la kwanza: Utafaidi sana, kwa kuwa madarasa hayo hulenga wasiojua: mwalimu huchora picha moja hatua kwa hatua, akianza na mandhari ya nyuma na kumalizia na vitu vya mbele, nanyi mnamfuata kwa muda wa saa mbili au tatu. Juisi inatosha kabisa.

Jibu la pili: Kabla ya kulipa, uliza ni rangi gani inayotumika. Akriliki huchanganywa kwa maji, na tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache, hivyo kosa hufunikwa papo hapo. Rangi ya mafuta huhitaji siku kadhaa, nawe utakuwa umekwisha kuondoka. Vaa aproni, maana akriliki ikikaukia kwenye nguo haitoki (nilipoteza shati nililolipenda). Nenda jioni ya kwanza, picha ipate kukauka vizuri, na uombe turubai (kitambaa cha kuchorea) isiyokazwa kwenye fremu, kisha uiviringishe upande wenye rangi ukiwa nje ili isipasuke.

Muulizaji: Nashukuru mno. Nitaweka nafasi ya jioni ya kwanza.