Baada ya kufunga usemi, “akauliza” ianze kwa herufi gani?

Muulizaji:
Habari zenu, ndugu waandishi. Ninaandika hadithi fupi, na mhariri aliyenisomea amenirudishia kurasa zilizojaa wino mwekundu karibu kila mahali wahusika wanapozungumza. Mimi niliandika: “Umekula?” Akauliza Bibi. Yeye ameifanya A kubwa kuwa ndogo. Shuleni nilifundishwa kwamba baada ya alama ya kuuliza tunaanza kwa herufi kubwa, na isitoshe “Akauliza” ni sentensi kamili katika Kiswahili, kwa kuwa nafsi ya mtenda imo ndani ya kitenzi chenyewe. Je, nani amekosea?

Jibu la kwanza:
Ndugu, mhariri wako yuko sahihi, ingawa hoja yako ni nzito. Alama ya kuuliza hapo imefunga swali la Bibi, haijafunga sentensi ya msimulizi. Maneno “akauliza Bibi” bado yanaegemea usemi uliotangulia, kwani ukiuondoa hatujui aliuliza nini. Ndiyo maana pia nukta ya msemaji hugeuka mkato: “Nimeshiba,” akajibu. Mambo hubadilika kitenzi kinapotaja tendo jingine: “Nimeshiba.” Akasukuma sahani kando. Hapo nukta na herufi kubwa ni lazima, kwa sababu hakuna anayetamka maneno kwa kusukuma sahani. Vinavyotatiza ni vitenzi vya katikati kama akacheka na akashusha pumzi, ambavyo mimi huvihesabu kuwa matendo. Akanong’ona na akafoka ni kusema, bila shaka yoyote.

Jibu la pili:
Naomba niongeze habari ya usemi uliokatwa katikati, maana ndio unaonichosha zaidi ninaposahihisha insha. Tazama: “Nitakuja,” alisema Zuhura, “lakini usiningoje.” Neno “lakini” linabaki na herufi ndogo kwa kuwa Zuhura hajamaliza sentensi yake. Angekuwa ameimaliza, tungeweka nukta baada ya jina lake, kisha tukafungua usemi mpya kwa herufi kubwa: “Nitakuja,” alisema Zuhura. “Usiningoje.”

Usisahau pia mkato wa kumwita mtu, kwani “Mwite, Baba” ni mtoto anayemwomba babake amwite mwingine, ilhali “Mwite Baba” ni agizo kwamba Baba ndiye aitwe. Neno hilo huchukua herufi kubwa likisimama badala ya jina. Ukiandika “baba yake” au “bibi yangu”, herufi ndogo inatosha.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza na kukuta mahali ambapo mhariri mwenyewe hakupagusa: “Njoo,” akatabasamu Bibi. Kwa kuwa kutabasamu si kusema, nimeandika upya: “Njoo.” Bibi akatabasamu.

Jibu la kwanza:
Umeitengeneza vizuri, na umefanya vyema kumtanguliza Bibi, kwa sababu sasa msomaji anaona tangu neno la kwanza kwamba sentensi mpya imeanza.