Samaki wangu wa mapambo, koi, wanahema juu juu na kujisugua, mashavu yamepauka, nifanyeje?

Mfugaji wa Goba: Wakuu habari za asubuhi, nina kibwawa cha lita 3,000 hapa nyumbani kina koi 14, sasa wiki tatu nyuma niliongeza wanne wapya nikawatia moja kwa moja bila kuwatenga, toka juzi wanahema haraka haraka wanajisugua ukutani, leo nimeamka mmoja kafa. Nimemfunua shavu nikakuta matamvua, yale ya kuvutia hewa, yamepauka mabaka mabaka, ute mzito kama uji wa muhogo. Naumia sana, hawa nimewalea toka vifaranga.

Mama Samaki: Pole sana kaka. Wanahema alfajiri tu au mchana kutwa? Kama jua likitoka wanachangamka basi hewa inaisha usiku. Na maji ya bomba huwa unayalaza kwanza? maana klorini nayo inaunguza matamvua.

Mfugaji wa Goba: Mchana kutwa dada, pampu ya hewa haizimwi, na maji nalaza siku mbili kwenye simtanki.

Kijana wa Mbezi: Basi nahisi ni minyoo ya matamvua, wataalamu wanaiita Dactylogyrus, ila broo usitibu kwa kukisia. Tafuta mtu wa mifugo mwenye hadubini akate kipande kidogo cha tamvua la samaki aliye hai, utaviona vinajinyonganyonga, vina vidoti vinne vyeusi vya macho na kulabu nyuma vya kung'ang'ania nyama. Dawa ni praziquantel, hiihii ya kichocho, mimi nilitumia miligramu 2 kwa lita, kwako ni gramu 6 yaani vidonge 10 vya miligramu 600, saga laini ukoroge kwenye ndoo kwanza. Kosa langu nilipiga dozi moja wakachangamka nikajua yameisha, baada ya wiki mbili nikaanza upya na nikapoteza sita. Dawa inaua mnyoo, yai haliguswi, na kwa joto la Dar yai linaanguliwa ndani ya siku chache tu. Rudia siku ya tano, na tena baada ya hapo.

Mama Samaki: Fomalini, ile kemikali nyingine ya kutibu samaki, usiguse joto hili, inapunguza hewa kwenye maji na hao tayari wanapumua kwa shida. Na mtu mwenye sato wa kula asiige hii dozi, amuone daktari wa mifugo kwanza.

Mfugaji wa Goba: Nimetoka kupimiwa, vipo, nimehesabu saba kwenye kipande kama ukucha wa mtoto. Dozi ya kwanza nimeweka saa kumi jioni, alamu ya siku ya tano ishawekwa. Asanteni sana.