Acheni kuwatahini watoto wa wenzenu barazani. Mwanangu si bubu!

Wanajamvi, habari za saa hizi. Mimi ni msomaji tu humu, huwa napita kimya kimya. Leo nimeshindwa. Nipo Tanga mjini, Makorora, na hili ninaloandika limenikaa kooni tangu mwezi uliopita. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 2 na miezi 7. Hapa nitamwita Kibwana, si jina lake. Kabla sijafika kwenye kusema nianze na kutembea, maana huko ndiko yalikoanzia.

Jirani yangu ana binti, amepishana na mwanangu siku 11. Tulihudhuria kliniki pamoja na matumbo yetu, tukajifungua mwezi mmoja, tukawa tunaazimana hadi kanga za kubebea. Binti yake akatembea akiwa na miezi 10. Nilifurahi, nikapiga na vigelegele. Lakini tangu siku ile salamu zikabadilika. Hakuna tena "mmeamkaje", ikawa "vipi, Kibwana bado?" Dukani bado. Bombani bado. Miezi 12 bado, miezi 14 bado. Shangazi wa mume wangu akaja kutoka Pangani, akaamua mtoto apelekwe pwani afukiwe miguu mchangani ipate nguvu. Mimi ni mke wa mtu kwenye ukoo ule, sikuweza kumkatalia mtu mzima. Tukaenda Sahare asubuhi maji yamekupwa, likachimbwa shimo, mtoto akafukiwa hadi kiunoni. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku 3 mfululizo! Akaja kutembea alipotimiza miezi 16, mwenyewe, anamfukuza kuku uani.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilishalipima jambo hili. Walifuatilia watoto wenye afya nzuri katika nchi 5, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kutembea bila kushikwa, mtoto anaweza kuanza popote kati ya miezi 8 na kidogo hadi miezi 17 na nusu. Wapo hata ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakasimama wakaenda zao. Kwa hiyo wa miezi 10 yumo, na wa miezi 16 yumo. Mwanangu alifukiwa mchangani kwa kosa gani?

Hilo nililimeza. Sasa la kusema.

Alipofika miaka 2 Kibwana alikuwa na maneno kama 6. Mama, baba, "maa" akitaka maji, "bi" kwa bibi yake, na mengine ambayo sisi wa nyumbani tu ndio tunayajua. Binti wa jirani wakati huo anahesabu hadi 10, anasoma Alhamdu hadi katikati, anataja wanyama wote. Simlaumu mtoto, ni mtoto mzuri na mwanangu anampenda. Nawalaumu watu wazima.

Siku ya siku tulikuwa barazani baada ya alasiri, wanawake kama 8, tunachambua mchele wa maulidi. Mama wa yule binti akamwita mwanangu. "Kibwana njoo. Sema paka." Kibwana akasimama mbele yake, akamtazama mdomo. "Sema pa-ka." Akautazama tena ule mdomo, akafungua wa kwake, ikatoka "pa" na pumzi. Mama akamgeukia bintiye: "Haya, mwonyeshe mwenzio." Binti akasema paka, kuku, mbuzi, ng'ombe. Watu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini anayotaka uisikie, "Isije ikawa bubu."

Ungo ulikuwa mapajani mwangu. Nikaendelea kuchambua, na baada ya muda nikaona kwamba natupa mchele, nabakisha chuya.

Tangu hapo kila mtu akawa mganga. Wa kwanza: mpeleke kwa fundi akamkate kilimi. Wa pili: si kilimi, ni ule uzi wa chini ya ulimi, ukatwe. Wa tatu: unampa simu sana (hana simu ya kuchezea, simu ni moja na baba yake anakwenda nayo kazini). Wa nne: wanaume huchelewa, baba yake naye alichelewa, tulia. Nashukuru Mungu sikukubali mtoto akatwe chochote. Kilimi kinakatwa na wembe, mtoto anatoka damu, anapata maambukizi, na kilimi hakihusiki kabisa na mtoto kukosa maneno. Hata huo uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumpa taabu kwenye kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kujua kwamba paka anaitwa paka.

Ila liko moja nililolikubali, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Mama mkwe wangu ni Mdigo wa Mkinga, tunaishi naye. Alikuwa anamsemesha Kibwana Kidigo, anambembeleza kwa nyimbo za kwao. Wakaniambia lugha mbili zinamchanganya mtoto, kichwa kimejaa. Nikamwambia mama, kwa adabu, kwamba tujaribu Kiswahili kitupu. Kiswahili cha kubembeleza hana. Nyimbo zake zote ni za Kidigo. Akanyamaza. Alikaa karibu miezi 2 anamlaza mtoto kimya kimya, anampigapiga mgongoni tu. Leo najua kwamba lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, na kwamba maneno yake yanahesabiwa ya huku na ya huku kwa pamoja. Nilimnyamazisha mzazi wa watu kwa maneno ya barazani.

Na yeye ndiye aliyekuwa amekwisha kuona. Siku moja ananiambia, "Mwanangu, mtoto huyu anasikia kwa macho." Nikaitikia tu "ndiyo mama," nikaenda zangu jikoni.

Sasa sikilizeni nilivyogundua. Mtaani kwetu muuza samaki anapita na baiskeli, anapiga honi tangu kule mwanzo wa barabara. Watoto wakisikia wanatoka mbio, na Kibwana naye hutoka mbio. Mimi nikawa najiambia si unaona, anasikia huyu. Siku hiyo wakubwa wamekwenda madrasa, yuko peke yake uani, amenipa mgongo, anapanga vizibo vya soda. Honi ikalia kule mbali. Hakuinua kichwa. Ikalia tena karibu kidogo, bado anapanga vizibo vyake. Kumbe siku zote alikuwa anawafuata wenzake, si honi! Nikasimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida, mara 3. Kimya. Nikapaza sauti, akageuka anacheka. Na nyumbani kwetu sote tunaongea kwa kupaza, ndiyo maana hatukuona.

Nikakumbuka alivyokuwa akiutazama mdomo wa mama yule. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Kliniki sijawahi kukosa. Kadi yake imejaa, chanjo zote, surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Nilipouliza habari ya kusema kwenye kituo ninachokwenda (sikitaji), muuguzi hakuinua macho. Uzito upo kwenye kijani mama, mtoto yuko vizuri, wa kiume huchelewa, tarehe yako ya kurudi hii hapa. Foleni ndefu, najua, nao ni wachache. Lakini serikali yenyewe mwaka 2021 ilizindua programu nzima ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na ndani yake mna afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama wa mtoto. Kwa hiyo mtoto si kilo tu! Swali la "akiitwa anageuka?" linachukua muda gani pale kwenye mzani?

Tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akamchungulia, akamwekea kifaa kidogo sikioni, mashine ikachora mstari. Maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Hayaumi, hayatoi usaha, homa hakuna. Hapo ndipo ninapowaambia wenzangu muwe macho, kwa sababu sote tunangoja sikio litoe usaha ndiyo tuseme linaumwa. Daktari alinieleza hivi: mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa baharini nawe unamwita toka ufukweni. Sauti inafika, maneno hayafiki. Mara nyingi maji hayo huondoka yenyewe, kwa hiyo tumepewa miezi 3 ya kuangaliwa, yasipoondoka huwa kuna njia ya kuwekewa kimrija kidogo ndani ya ngoma ya sikio. Akasema pia tusimwambie "sema, sema". Tushuke chini, atuone uso, tumtajie kitu anachokishika wakati huo huo, basi.

Hasira yangu ni hii. Mwaka mzima watu walimpima mwanangu, kuanzia barazani hadi kwenye kundi la WhatsApp la kina mama, ambako kila jioni mtu anatuma sauti ya mwanawe akisoma na kuimba. Maneno mangapi, wa nani kamtangulia nani. Katika watu wote hao hakuna HATA MMOJA aliyeniuliza kama anasikia. Mnamlinganisha mtoto ili wenu aonekane, kisha mnamwambia mama yake atulie. Mkitaka kulinganisha, linganisheni mambo yenye maana. Akitimiza mwaka anabwabwaja? Ananyoosha kidole kuonyesha kitu? Anapunga mkono wa kwaheri? Ukimwita kwa nyuma anageuka? Akiwa na mwaka na nusu ana maneno machache yake mwenyewe? Akifika miaka 2 anaunganisha, "mama maji", "baba hayupo"? Na yule aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, awe wa umri wowote, huyo haambiwi asubiri, anapelekwa hospitali kesho yake.

Halafu na hayo ya kuhesabu maneno kwa vidole. Kuna dada kwenye kundi ana programu ya simu ya Kizungu, inamhesabia mtoto kama anaunganisha maneno mawili mawili. Mtoto wa Kiswahili akisema "sitaki" amekuambia ni nani, amekataa, na kitendo chenyewe kimo humo humo. Utamwandikia neno moja? Mwanangu akisukuma uji akasema "taki" mimi namwelewa.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Anayesema nina wivu na binti wa watu, rudi juu usome tena. Aliyeuliza kama ni usonji: tuliuliza hilo pia, daktari akaangalia, akasema huyu ananyoosha kidole, anakuletea vitu uone, anacheza na wenzake, kwanza tushughulikie masikio halafu tuone. Ingekuwa usonji bado ningempenda hivi hivi na bado ningetaka kujua mapema, si akiwa na miaka 5. Kwa yule mama wa Muheza ambaye wake ana miaka 3 na anaambiwa asubiri, nimekujibu pembeni, usisubiri dada yangu.

Bibi amerudia nyimbo zake. Nilimwomba radhi, tukalia wote. Sasa anampakata amgeukie, anamwimbia usoni, na Kibwana anamshika midomo kwa vidole wakati anaimba. Tarehe ya kurudi kwa daktari ni wiki ijayo.

Na mama jirani, najua unasoma humu, mumeo ndiye aliyeniambia. Sikuja kukutukana, tumezaa pamoja mimi na wewe. Nataka kitu kimoja. Ukimwona Kibwana usimwambie sema. Mfuate karibu, chuchumaa akuone mdomo, kisha msalimie. Ataitikia.