Tupeane uzoefu: uliyesomea biashara ya mitindo, darasa lilikusaidia wapi na duka likakuumbua wapi?

Mshono_wa_Ilala (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Nina stashahada ya biashara ya mitindo na uuzaji wa rejareja, sasa nimeshika fremu ndogo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mdogo wangu naye anataka kusomea hayo hayo. Mama kauliza, "Kuuza nguo nako kunasomewa?" Nimekosa jibu, nikaona nilete hapa.

Naanza mwenyewe. Fildi nilifanya kwenye duka la magauni. Sikukuu zimepita, mzigo umelala, bosi akaamua kushusha bei. Gauni kanunua 10,000, anauza 15,000. Akasema, "Nina faida ya asilimia 50, nikipunguza 40 nabaki na 10." Wote wakaitikia. Mimi nimeshika hanga, nikapiga hesabu kwenye simu: asilimia 40 ya 15,000 ni 6,000, gauni linatoka kwa 9,000. Yaani mteja anaondoka na gauni, na buku (elfu moja) ya bosi juu! Ile faida ya 50 ni ya bei ya kununulia. Ukiipima kwa bei ya kuuzia, ambayo ndiyo unayoipunguza, ni 33 tu. Nilimwambia pembeni, maana bosi humsahihishi mbele ya mawinga, wale wanaomletea wateja. Alikaa kimya, kisha akatoka kubadilisha bango, likasomeka 20. Siku ile niliona ada yangu imerudi.

Kuumbuka kulikuja kwenye duka langu mwenyewe. Chuoni tulifundishwa mgawo wa saizi: za katikati nyingi, za pembeni chache. Nikaagiza jinzi za kike dazeni kumi kutoka Guangzhou kwa mgawo ule ule. Wateja wangu hipsi zikiingia, kiuno kinapwaya. Kiuno kikikaa, haipiti mapajani. Fundi cherehani aliyekaa nje ya fremu yangu alipunguza viuno msimu mzima, akatengeneza hela kunizidi. Mwalimu hakuwa mwongo, ila mgawo wake ulitoka kwenye miili ya watu wengine. Siku hizi nina daftari la waliotoka mikono mitupu: aliuliza saizi gani, rangi gani. Ndilo ninaloagizia mzigo.

Mzee_wa_Fremu
Dogo, miaka miwili unasomea kuvalisha midoli? Hapa Kariakoo tulijifunza bure.

Mshono_wa_Ilala
Shikamoo mzee wangu. Midoli ilikuwa wiki mbili tu. Halafu wa kwako pale mlangoni una gauni lile lile tangu Idi 😂

Msomi_wa_Gikomba
Mimi nilisoma Nairobi. Mwalimu alitumia karibu muhula mzima kutufunza kushusha bei kwa awamu, michoro ubaoni na kila kitu. Wikendi nilikuwa namsaidia shangazi kwenye soko la mitumba la Gikomba. Bale ikikatwa asubuhi, kamera, yaani nguo safi kuliko zote, zinatoka kwanza, wenye maduka wanazing'ang'ania kabla hazijagusa meza. Baadaye bei inateremka kwa wanaochagua. Jioni ni hamsini hamsini, shangazi amepanda juu ya meza anaita watu. Huo mchoro wa ubaoni hajawahi kuuona, lakini ameuishi tangu nikiwa mtoto. Nikaandika ripoti yangu juu ya meza yake, mwalimu akaniuliza nimeitoa kitabu gani!

Lakini shangazi naye alikuwa na tundu. Hesabu zote kichwani. Nilimlazimisha tuandike kila bale: imenunuliwa ngapi, imeingiza ngapi, imekaa siku ngapi. Sweta, ambazo alizipenda kuliko zote, zilikuwa zinamla mwaka mzima isipokuwa ile baridi ya Juni na Julai. Alininunia wiki nzima. Sasa sweta anazifungua Mei, basi.

Binti_wa_Mvita
Mwaipata vizuri nyie wa jinzi. Mimi nilipelekwa mazoezi duka la kanga, Biashara Street, Mombasa. Nikaingia na mafunzo yangu ya rangi, nikazipanga kanga kutoka nyeupe hadi nyeusi, rafu yapendeza kama upinde wa mvua. Mwenye duka, bibi wa makamo, akatazama, akasema, "Mwanangu, umenifichia majina." Wateja wake husimama, hufunua doti, husoma jina kwanza, yaani yale maneno yaliyoandikwa, ndipo watazame pindo na mji, ile sehemu ya katikati. Kanga haina saizi, lakini jina likiwa baya hulala nayo hata rangi iwe tamu vipi. Mafumbo ya mke mwenza na jirani yalitoka upesi. Ya heri na dua yalingoja harusi, hapo shangazi wa bi harusi aja achukua doti thelathini za sare kwa mpigo. Tukazipanga upya kwa shughuli: za arusi huku, za mafumbo kule, za kumpa mama karibu na mlango. Chuoni sikuisikia hiyo hata siku moja, na ndiyo niliyoandika nikapata alama nzuri.

Mzee_wa_Fremu
Mdoli nimeubadilisha. Huyo mdogo wako akianza chuo mlete kwangu fildi, ila hesabu za punguzo afanye yeye.

Mshono_wa_Ilala
Nimemsomea mama uzi wote. Ameuliza kama zile jinzi bado zipo. Zipo, mama. Wakuu wenye kiuno saizi 26, njooni inboksi.