Senior Pass kwa wazazi waliostaafu: kulala hemani Smoky Mountains

Kutoka: Rehema, Atlanta

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Baba ana miaka 64. Mwezi uliopita ameacha kazi ya kuhudumia wazee, aliyoifanya tangu tufike Marekani. Mama ana 61, bado anaingia kazini siku chache kwa wiki. Baba ni mtu wa Lushoto, na tangu nikiwa mdogo husema akistaafu anataka kulala mlimani, karibu na mto. Sisi watoto tunataka kumtimizia mwaka huu. Nimesikia kuna kadi ya wazee ya kuingilia hifadhi za taifa, lakini mdogo wangu anasema ni ya raia tu, na Baba ana grini kadi. Je, ni kweli? Na hizo kambi zikoje kwa mtu wa umri wake? Ana presha, na usiku hulala na mashine ya kumsaidia kupumua. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.

Kutoka: Baba Salma, Knoxville

Marahaba mwanangu. Mpe baba yako hongera zangu. Kazi ya kuinua wagonjwa inakula mgongo, na aliyeimaliza salama anastahili kupumzika vizuri.

Kadi si ya raia tu. Senior Pass ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu, waliotimiza miaka 62. Grini kadi ya baba yako inatosha. Wala hawaulizi kama umestaafu. Mwenye miaka 62 anayeendelea kufanya kazi anaipata vilevile. Ya maisha ni dola 80, unalipa mara moja basi. Ya mwaka ni dola 20, na ukifikisha nne za mwaka unabadilishiwa ya maisha. Mpaka Agosti 2017 ya maisha iliuzwa dola 10, ndiyo maana bado utasikia watu wakitaja bei hiyo. Ukiinunua mtandaoni unaweza kuongezewa gharama ya kuishughulikia, kwa hiyo ni nafuu kuichukua dirishani kwenye kituo cha hifadhi kinachouza kadi. Aende mwenyewe na kitambulisho.

Kinachohesabika ni umri ulioandikwa kwenye karatasi. Nawaambia hasa ndugu zetu waliopitia kambi za wakimbizi, ambao wengi walijaziwa Januari 1 kuwa tarehe ya kuzaliwa, na wengine wakapunguziwa miaka. Mzee anaweza kuwa na wajukuu wakubwa huku karatasi ikisema ana 59. Ataisubiri karatasi. Na aliyekuja kama mkimbizi ambaye hajapata grini kadi bado, aanze na hiyo.

Sasa kazi ya kadi. Inalipa kiingilio katika zaidi ya maeneo 2,000 ya serikali kuu, si hifadhi za taifa peke yake. Kwenye geti linalotoza kwa gari, kadi moja inawaingiza wote mliomo humo, mradi ni gari la binafsi. Panapotozwa kwa kichwa, inamwingiza mwenye kadi na watu wazima watatu, na watoto chini ya miaka 16 hawalipi. Hapo hapo Atlanta, Kennesaw Mountain na maeneo ya kando ya mto Chattahoochee yaliyo chini ya idara ya hifadhi yanatoza ada ya gari, na kadi inakubalika. Baba yako anaweza kuanza kuitumia wiki hii kwa matembezi ya asubuhi.

Kadi pia inakupa nusu bei ya kambi, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Unapoweka nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov unaingiza namba ya kadi, na bei inashuka palepale. Lakini punguzo ni la kiwanja kimoja tu, kile anacholala mwenye kadi mwenyewe. Mkija familia tatu mkachukua viwanja vitatu, viwili mtalipa bei kamili. Tena kadi ni ya mtu mmoja. Baba yako akiwa safarini na mama yako, yake inatosha. Lakini mama akitaka kwenda na wenzake wa kanisani bila mume, haimsaidii. Siku akitimiza 62 naye achukue yake. Ikipotea hairudishwi, mtu ananunua nyingine, basi iwekwe pamoja na pasipoti, isitupwe kwenye droo ya gari.

Hifadhi za majimbo ni habari nyingine kabisa. Hizo ni mali ya jimbo, na kadi hii haina nguvu huko. Soma jina la mahali vizuri kabla hujalipa.

Kwa Lushoto ya baba yako, mimi ningempeleka hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains, iliyo mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, kambi ya Smokemont, upande wa North Carolina karibu na mji wa Cherokee. Kutoka kwenu mnafika kabla ya adhuhuri mkiondoka mapema. Kiwanja ni dola 30 kwa usiku, kwa kadi ni 15, kwa hiyo usiku wa sita kadi imeshajilipa. Mto Bradley Fork unapita kando ya kambi, unausikia usiku kucha. Hifadhi yenyewe haina kiingilio. Tennessee ilipokabidhi barabara ya Newfound Gap kwa serikali kuu mwaka 1951, iliweka sharti kwamba wapitaji wasitozwe, na sharti hilo linaheshimiwa mpaka leo. Lakini tangu Machi 2023 gari likisimama zaidi ya dakika 15 linahitaji stika ya maegesho: dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka. Senior Pass hailipii stika hiyo wala haiipunguzi. Gari likiwa kwenye kiwanja chenu cha kambi halihitaji. Mkienda kuanza matembezi mahali pengine linahitaji.

Nafasi zinafunguliwa miezi 6 kabla, na usije bila nafasi ukitegemea kubahatisha getini. Chagueni Jumapili hadi Alhamisi. Baba yako hana tena ratiba ya zamu, na hiyo ndiyo faida ambayo vijana hawana.

Ukifungua ramani ya viwanja, usivutiwe na kile kilicho pembeni kabisa mtoni. Tafuta kilicho karibu na choo, njia isiyo na mizizi wala mteremko. Mtu wa miaka 64 mwenye dawa za presha ataamka usiku zaidi ya mara moja, na huko ni giza tupu. Mnunulieni tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru. Hema liwe la kusimama wima, asilazimike kutambaa. Na mpeni kitanda cha kukunja chenye miguu badala ya godoro la upepo. Magoti yetu yanajua tofauti: kwenye kitanda unakaa ukingoni, miguu inagusa chini, unasimama, kutoka kwenye godoro lililo ardhini inabidi kwanza upige magoti na kutafuta cha kushika.

Mashine yake ndilo jambo la kupanga mapema. Kambi za Smoky hazina umeme viwanjani, na hazina bafu. Maji ya bomba yapo, vyoo vya kuvuta vipo, maji ya moto hakuna. Kama mashine yake inakubali betri, nunueni na muijaribu nyumbani usiku mzima kabla ya safari. Kama haikubali, anzeni na kambi za Army Corps of Engineers za Lake Allatoona au Lake Lanier, karibu na kwenu. Ni wakala wa serikali kuu, kwa hiyo kadi inapata nusu bei, na kuna viwanja vyenye umeme na maji na bafu za kuoga. Watu wetu wengi wanapita hapo kila siku hawajui. Alale pale kwanza, mjue anahitaji nini, ndipo mpande milimani.

Dubu wapo, karibu 1,900 katika hifadhi hiyo, wale weusi. Hawatafuti watu, wanatafuta harufu. Na chakula chetu kina harufu. Mkimaliza kula ugali na samaki wa kukaanga, hakuna kitu kinachobaki mezani: sufuria, mwiko, mafuta, takataka, sabuni, dawa ya mswaki, kopo la maji ya matunda, vyote ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hata chakula cha mbwa. Ndani ya hema hakuingii hata pipi ya mjukuu. Hiyo ni sheria ya Smoky. Yosemite ni kinyume, huko usiku chakula hakiachwi garini kwa sababu dubu wanafungua milango, kinawekwa kwenye kabati la chuma la kiwanja. Kila hifadhi msome masharti yake.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Zinazoruhusiwa kuingia ni zile zilizokaushwa kwa joto zenye lebo, kwa ajili ya wadudu wanaoua miti, na zinauzwa madukani karibu na hifadhi. Matawi makavu yaliyoanguka yenyewe ndani ya hifadhi mnaruhusiwa kuokota kwa moto wenu wa kambi. Kwa kupikia chukueni jiko la gesi la mafiga mawili lenye kizuia upepo, na ugali upikeni kwenye sufuria nzito.

Mkipanda hadi Newfound Gap, mita 1,538 juu ya usawa wa bahari, chukueni sweta hata Julai. Asubuhi ni baridi ya Njombe. Mtandao wa simu karibu haupo, kwa hiyo chapisheni karatasi ya nafasi na ramani, na mwachie mtu nyumbani namba ya kiwanja. Baba yako hajafika 65, Medicare (bima ya afya ya wazee) bado, basi hakikisheni bima yake ya sasa inalipa dharura nje ya Georgia. Dawa za presha zigawanywe sehemu mbili, moja kwenye mfuko wake na nyingine kwa mama.

Ruhusu niseme hili, kwa sababu linaniuma. Wazee wetu wengi hapa wanastaafu halafu wanakaa ndani kulea wajukuu na kumalizia nyumba ya kule nyumbani, wakisubiri kurudi. Wamekatwa kodi miaka yote hiyo, na hifadhi hizi zinatunzwa pia kwa kodi hizo. Rehema, mnafanya jambo jema sana.

Kutoka: Mama Furaha, Louisville

Asante Baba Salma. Naongeza moja. Mume wangu hajafikisha 62, lakini aliumia mgongo kazini na ana ulemavu wa kudumu. Yeye alipewa Access Pass, bure kabisa, ya maisha, na nusu bei ya kambi ni ileile. Alionyesha karatasi ya kuthibitisha ulemavu na kitambulisho. Hiyo nayo ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu, umri wowote.

Nina swali. Mama yangu anakuja kutoka Bukavu kwa viza ya matembezi, ana miaka 70. Naye anaweza kupata Senior Pass?

Kutoka: Baba Salma, Knoxville

Hapana, Mama Furaha, kwa viza ya matembezi hapati. Na tangu Januari 2026 wageni wasio wakaazi, kuanzia miaka 16, wanatozwa dola 100 za ziada kwa kila mtu katika hifadhi 11 kubwa, Grand Canyon, Yellowstone na Yosemite zikiwemo. Smoky haimo kwenye orodha hiyo, na kwa kuwa haina kiingilio, mama ataingia sawa na wenyeji. Mleteni jioni kwenye uwanda wa majani wa Oconaluftee, jirani na Smokemont. Kuna elki wanaotoka msituni kula majani, wanyama wa jamii ya kulungu lakini wakubwa kama ng'ombe, waliorudishwa katika hifadhi hiyo mwaka 2001. Kaeni mita 50 kutoka kwao, na Septemba hadi Oktoba mzidishe, madume yanakuwa na hasira.

Kutoka: Rehema, Atlanta

Mungu awabariki. Betri imejaribiwa, imefika asubuhi. Nimepata Smokemont, Jumapili hadi Jumatano, kiwanja cha tatu kutoka chooni. Baba anauliza kama kadi inamruhusu kuvua samaki mtoni.

Kutoka: Baba Salma, Knoxville

Hairuhusu. Anahitaji leseni ya uvuvi ya North Carolina au ya Tennessee, yoyote kati ya hizo inafaa hifadhi nzima. Akitoka nje ya mpaka kuingia ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huko wana kibali chao wenyewe. Ndani ya hifadhi minyoo na chambo cha chakula ni marufuku. Ni chambo bandia tu, chenye ndoana moja.