Ushauri: Rafiki yangu anataka twende maporomoko ya Sanje kwa njia ya panya

Mama_Kubwa_Jinga

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na kejeli ziwe kidogo tu.

Mimi na shoga yangu tumesoma pamoja tangu sekondari. Yeye yupo Morogoro, mimi Dar. Jumamosi ijayo tumepanga kupanda maporomoko ya Sanje, kule hifadhi ya Udzungwa. Wazo langu: Ijumaa nichukue treni ya SGR hadi Moro, tuunganishe basi la Ifakara, tulale Mang'ula, asubuhi tupande tukiwa na nguvu. Yeye anasema gharama zote hizo za nini, tutoke Moro saa kumi alfajiri kwa pikipiki yake, turudi siku hiyohiyo. Na getini tusipite kabisa, maana mjomba wake anaishi Sanje na anaijua njia ya zamani ya kina mama wa kuni. "Kiingilio cha nini, maji ya Mungu."

Mwaka jana tulienda maporomoko ya Choma, milima ya Uluguru, bila mtu wa kutuonyesha njia. Raba yangu ikaachia soli, mwenzangu yuko mbele anapanda kama mbuzi, tukarudi mjini usiku tukimulika kwa simu yenye chaji asilimia nane. Hatukusemeshana wiki mbili. Nikimkatalia ataona najidai wa Dar. Na mimi ni mzito, mazoezi yangu ni ngazi za ofisini siku lifti ikigoma. Nifanyeje?

Mzawa wa Kidatu

Dada, mwambie hiyo njia ilishakufa. Mama yangu alikuwa anaingia kuokota kuni siku zilizoruhusiwa, mimi mgongoni. Ruhusa yenyewe ilifungwa 2011. Askari wa hifadhi akikukuta humo leo hakuulizi kama umekuja kuoga au kukata mti. Na nyie mtarudi mjini, mjomba ndiye atakayebaki kijijini na kesi.

Chapa_Lapa

"Kama mbuzi" 😂 Huyo shoga nampenda bure.

Kongoro

Mkuu, tuanze na pikipiki. Moro hadi Mikumi mjini ni kama kilomita 120, na barabara inakatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi. Pale mnakwenda taratibu, twiga hasomi alama za barabarani. Halafu kama 60 nyingine hadi Mang'ula. Mtashuka miguu imekufa ganzi ndipo mwanze kupanda mlima, kisha mrudi gizani mkipishana na malori. Nimewahi kufanya ujinga wa aina hiyo nikiwa na miaka 22. Sirudii.

Utaratibu uko hivi. Mnalipia makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, na hapohapo mnapewa mwongozaji. Lakini njia yenyewe inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 mkirudi upande wa Mikumi, kwa hiyo elewaneni mapema na bodaboda wa kuwapeleka na kuwafuata. Malipo ni kwa namba ya malipo, hawapokei noti, basi weka hela kwenye simu kabisa. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya Mtanzania.

Kupanda na kushuka ni kama saa nne, kwako wewe weka tano. Maporomoko yako matatu yanafuatana, jumla mita 170 hivi. Kuna bwawa la kuogelea katikati, baridi yake utamtaja bibi yako. Ukifika juu unaliona bonde lote la Kilombero, miwa mpaka macho yachoke. Usisogee ukingoni kupiga picha, mawe yana utelezi hata mvua zikiwa zimekata.

Kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, utanikumbuka. Suruali uichomeke kwenye soksi, siafu wa kule hawana adabu. Na muulize mwongozaji kuhusu kima wa Sanje. Wataalamu walimjua 1979 tu, wakati wenyeji wanapishana naye miaka yote.

Nesi_wa_Zamu

Mimi nauliza kitu kingine. Huyo mwenzio kakata basi, kakata malazi, kakata kiingilio. Kila chenye bei amekikata. Umemuuliza kama hela ipo?

Mama_Kubwa_Jinga

Nesi, umeniumiza. Nimempigia baada ya kusoma hapo.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Mkataba wake wa kufundisha uliisha Desemba, hajaongezewa. Miezi yote hii tunachati kila siku, na meme ananitumia, hakuwahi kugusia. Eti, "Sikutaka uje kunilipia kama mgonjwa." Nikamwambia kumbe bora tungekamatwa na askari? Akacheka, nami nikapata pa kuanzia.

Tumekubaliana: nauli na kiingilio juu yangu, malazi juu yake, yaani kwa mjomba, na chakula cha njiani anapika yeye. Sharti lake ni kwamba tukienda tena Uluguru analipa yeye, hata iwe mwaka kesho. Pikipiki inabaki Moro. Kutembea nyuma yangu ndiyo amekataa katakata, anasema atalala njiani.

Sasa naomba kujua, raba za mtumba zenye meno zitatosha au nitafute buti? Na mjomba nimpelekee nini, kilo mbili za sukari?

Kongoro

Raba zinatosha, ila uzivae wiki nzima kabla. Na soli uipitishe kwa fundi, kwa historia yako.

Mzawa wa Kidatu

Sukari Sanje? Dada, mzee amezungukwa na miwa pande zote. Mpelekee majani ya chai.